Mwonjaji na Mwanamke Ambaye Filamu Haikumpata

Kabla hujamwona, ulimsikia. Ukiwa bado kwenye korido ya kiwanda, mashine za kukausha zikinguruma, sauti yake ilipenya zote: fyooop! Halafu kimya kidogo. Halafu puu, ndani ya ndoo. Wageni walioletwa kutembezwa kiwandani walishtuka, wengine wakacheka kwa aibu, maana mtu mzima hanywi chai namna hiyo mbele za watu. Sisi tulishazoea. Huyo alikuwa Mwonjaji, na kufyonza kwa nguvu ndiyo ilikuwa kazi yake. Chai lazima iingie pamoja na hewa, ipige mdomo wote kwa mara moja, ndipo ulimi useme ukweli.

Jina lake sitalitaja, na kusema kweli sikulitumia hata siku moja. Mbele yake nilimwita Mzee, nyuma yake Mwonjaji kama watu wengine wote. Mimi nilikuwa mpishi wake wa sampuli. Nilipima majani kwenye mizani ndogo, nikayatia kwenye vikombe vyeupe vyenye vifuniko, nikamwaga maji yanayochemka, nikangoja dakika sita, nikamimina kwenye bakuli. Bakuli arobaini asubuhi, zimepangwa mstari mmoja mezani kama watoto wa paredi. Yeye alipita na kijiko chake, mimi nyuma yake nikisukuma ndoo ya kutemea. Nilifanya hivyo miaka kumi na moja.

Sasa niseme lile ambalo lazima lisemwe, tusije tukazungushana. Mwaka juzi ilitoka filamu, filamu ya watu wa kweli, kuhusu watu wanaopendana kwa simu bila kuonana. Ndani yake kuna mzee mmoja wa huku kwenye chai aliyeandikiana kwa miaka minne na mwanamke aliyejiita muuguzi. Mzee ni Mwonjaji. Mwanamke, watengenezaji walimtafuta wakamkosa, na waliochambua filamu hiyo magazetini na redioni walilalamika sana kwamba amekosekana. Mwanamke huyo ni mimi.

Alikuwa na maneno yake. Chai isiyo na ladha aliisema kwamba imelala. Iliyopitishwa motoni kupita kiasi imechomeka. Nzuri ina mwili. Maneno hayo hakuyaacha mezani, alitoka nayo. Kasisi mpya alipohubiri kwa mara ya kwanza tulimwuliza Mwonjaji amemwonaje, akasema, "Amelala, lakini maji ilikuwa haijachemka. Si makosa yake." Meneja mmoja aliyekuwa na hasira za haraka alimwita Chomeka mpaka siku alipohamishwa, na meneja hakuwahi kujua. Mimi aliniambia mara moja, nikiwa nasuuza vikombe, "Mama Cheptoo, wewe ni kikombe yenye mfuniko haifunguki." Nikacheka tu. Cheptoo ni binti yangu, wa pekee.

Neno lake kubwa kuliko yote lilikuwa dakika sita. Ukimletea umbea juu ya mtu, alikwambia, "Mpe dakika sita." Wachumaji wawili walipigana kwenye foleni ya kupimiwa majani, wakavutana vitambaa, akawakalisha kwenye benchi moja, akavua saa yake yenye kioo kilichopasuka, akaishika mbele yao. Hawakuruhusiwa kusema kitu. Dakika ya nne mmoja wao alianza kucheka, na dakika ya sita ugomvi ulikuwa umekwisha. Alisema majani yakitolewa mapema yanakudanganya, na yakikaa sana yanakuchukia. Watu walimcheka kwa hilo, lakini niliona wengi wakitazama saa kabla ya kumjibu mtu.

Na bado mtu huyo hakunywa chai. Hili liliwachanganya wengi. Alikaa na chai maisha yake yote na hakuna aliyemwona akiimeza. Kwenye maombi, kwenye harusi, kwenye matanga, alipokea kikombe kwa mikono miwili, akashukuru, akakishika mpaka kikapoa, akakiweka chini ya kiti. Nyumbani alikunywa uji wa wimbi, na mursik, maziwa ya kibuyu ya kwetu, ambayo alijifunza kuyapenda kuliko sisi wenyewe tuliozaliwa nayo. Nilipomwuliza, alinijibu, "Nikianza kumeza, nitaanza kupenda. Na ukipenda chai huwezi kuipima."

Kulikuwa na mengine yasiyoelewana. Alitoka upande wa ziwa, kama wengi kiwandani, na hakuna aliyewahimiza vijana wa kwao kujenga nyumbani kama yeye. Kila mwezi alimwuliza mtu, "Umejenga?" Lakini mkewe alipofariki hakumpeleka ziwani. Alimzika kwenye kipande chao cha shamba karibu na Ndanai. Ukoo ulikuja, ukakaa siku mbili, ukasema maneno makali. Aliwasikiliza wote mpaka wakamaliza, halafu akawaambia, "Huyu mama amechuma majani ya huku miaka ishirini. Huu udongo ndio unamjua." Wengine walimsamehe. Wengine hawajamsamehe mpaka leo.

Mezani alikuwa mkali, angeweza kukataa chai ya siku nzima bila kupepesa jicho, akaacha watu wa mashine wakitukana. Lakini nina kikombe kimoja cha kumkumbuka. Mume wangu alikufa kwa ajali ya trekta, nikazika, nikarudi kazini baada ya siku nne kwa sababu nyumbani sikujua nikae wapi. Asubuhi hiyo niliweka maji, nikasimama. Nilisimama tu. Sijui zilipita dakika ngapi. Nilipomimina, chai ilikuwa nyeusi kama maji ya mfereji. Mwonjaji alifyonza bakuli ya kwanza, akatema, akashusha kijiko. Hakuandika kitu. Akasema, "Hii kikombe imefiwa. Enda nyumbani, Mama."

Jioni mkewe alikuja kwangu na sufuria, unga na samaki. Sikumjua sana. Alikuwa mwanamke mnene wa maneno machache, mikono imekuwa myeusi kwa utomvu wa majani kama ya wachumaji wote. Alipika, akaosha vyombo, akamlaza Cheptoo, akatandika chini karibu na kitanda changu. Alikaa wiki nzima. Alikwenda kuchuma akirudi kwangu kama anarudi kwake. Hakunipa mawaidha hata moja. Usiku mmoja nilimwuliza kama alifikiri mume wangu aliniita pale barabarani kabla hajakata roho, kwa maana hakuna aliyekuwa karibu na hakuna aliyeniletea neno. Aliniambia hajui. Nilimshukuru kwa kutonidanganya, na bado nilitamani sana angenidanganya.

Miaka michache baadaye aliugua yeye, akalazwa. Siku aliyofariki, Mwonjaji alipigiwa simu asubuhi kwamba aje, hali si nzuri. Kulikuwa na wanunuzi wametoka mbali wanangoja matokeo, na bakuli zilikuwa zimeshamiminwa. Alisema, "Namaliza hizi ishirini, halafu naenda." Akamaliza. Alipokuwa anavua koti jeupe simu ililia tena, na hapakuwa na haja tena ya kwenda haraka.

Alirudi kazini baada ya mazishi, lakini ulimi haukurudi naye. Alifyonza, akatema, akaandika "sawa" kwa kila bakuli. Chai iliyochomeka, sawa. Chai ya moshi, sawa. Nilianza kumgusa kiwiko kwa siri pale ambapo mimi mwenyewe kwa pua tu niliona kuna shida. Ofisini walishaanza kunong'ona. Siku moja, tukiwa wawili, alisema bila kunitazama, "Bakuli ishirini. Niliweka bakuli ishirini mbele yake." Hakurudia tena.

Kesho yake nilikwenda sokoni Kaplong, nikanunua laini nyingine ya simu. Nikamwandikia kwamba mimi ni sista wa wodi niliyekuwa zamu siku ile, kwamba mama aliamka kidogo kabla ya kwenda, na alisema neno moja: "Mwambie sikuwa peke yangu." Nilikusudia meseji moja tu, halafu niitupe laini chooni. Mimi mwenyewe niliwahi kungoja neno kama hilo likakosa kuja, nikafikiri si vibaya yeye apate.

Alijibu jioni ya pili. "Asante Sista. Uko na dakika?"

Nilikuwa nazo. Miaka minne nilikuwa nazo. Aliniandikia juu ya panya fuko waliomaliza viazi vyake, mvua ya mawe iliyopiga majani ya juu wiki ya Pasaka, saa yake iliyokataa kufa. Mimi nilimwandikia juu ya wodi ambamo sikuwahi kufanya kazi, wagonjwa ambao hawakuwepo. Mengine yalikuwa ya kweli: baridi ya asubuhi, binti anayenisumbua, kwamba jioni huwa ndefu. Hakuniomba tuonane. Sikumwomba kitu, hata salio. Baada ya wiki chache aliandika mezani "imechomeka" kwa bakuli iliyokuwa imechomeka kweli, nami nyuma yake nikasukuma ndoo. Nilimpenda. Nalisema wazi sasa. Wakati ule nilijiambia ninamsaidia.

Watu wa filamu walikuja na mwanamke mmoja kijana kutoka Nairobi, ndiye mtengenezaji, mpole, anayebeba kamera yake mwenyewe. Walitafuta watu wenye hadithi za mapenzi ya simu. Mwonjaji alijitolea. Mtu ambaye kwenye picha za sherehe za kiwanda alisimama nyuma ya nguzo! Aliniambia kazini, kijiko mkononi: "Mama Cheptoo, nimeongea na watu wa filamu. Juu ya rafiki yangu mmoja." Nilitazama saa, nikangoja dakika zangu, nikamimina. Sikumwaga tone.

Jioni hiyo aliniandikia kama Sista: "Hawa watu ni wazuri. Ukitaka, ongea nao." Sikujibu. Siku ya tatu niliitupa laini chooni, pale nilipokusudia kuitupa tangu mwanzo.

Walimficha sura kama alivyotaka. Walimpiga picha kutoka nyuma, dirishani, akiwa kivuli. Sauti waliibadilisha ikawa nzito kama ya mtu aliye ndani ya pipa. Kijiji hawakukitaja. Walifanya kazi yao kwa makini sana, isipokuwa jambo moja ambalo mtu wa Nairobi hangeweza kulijua: walimpa kikombe cha chai mbele ya kamera, na safari hii hakukiweka chini ya kiti.

Filamu ilipoletwa kuonyeshwa kwenye ukumbi wa kambi ya wafanyakazi, tulijaa mpaka madirishani. Shuka nyeupe ukutani. Tuliona watu wa miji, msichana wa Eldoret, kijana wa Kisumu, wote wakilia machozi ya simu. Kisha kikaja kivuli cha mzee dirishani. Watu hawakumjua. Kivuli kikainua kikombe.

Fyooop!

Ukumbi wote ulisimama. "Mwonjaji! Ni Mwonjaji!" Wanawake walipiga vigelegele, vijana walipiga mbao za benchi. Kwenye shuka kivuli kiligeuka kutafuta mahali pa kutema, kikatemea nje ya dirisha, na kelele zikaanza upya. Yeye alikuwa ameketi mbele kabisa, kofia magotini. Hakugeuka. Mimi nilikuwa mlangoni, maana mimi na wenzangu ndio tuliopika chai ya wageni.

Kisha kivuli kikafika kwenye maneno yale. Ile sauti ya pipa ilisema: "Sista aliniambia, mama alisema: Mwambie sikuwa peke yangu." Mwanamke aliyesimama karibu nami alijifuta macho kwa leso. Nilisikia sentensi yangu ikipita juu ya vichwa vya watu mia tatu na sikuhisi kitu. Nilihesabu vikombe.

Baadaye yule mtengenezaji aliomba maoni. Mama mmoja mchumaji alisema, "Huyo sista atoke tumwone. Kama ni mzuri, tumshukuru. Kama ni mbaya, pia tumshukuru na fimbo." Wakacheka. Kijana mmoja wa nyuma akasema, "Hakuna sista hapo. Ni msee fulani amejifungia ndani ya keja yake huko Nairobi. Mzee alichezwa." Mzee wa kanisa alisema filamu ina mafundisho ila isingeonyeshwa Jumapili.

Ndipo Mwonjaji akasimama. Watu walijua anakwenda kupima. "Rangi iko sawa," alisema. "Mwili iko. Lakini mliitoa kabla ya dakika sita."

Mtengenezaji alitabasamu bila kuelewa. Mwonjaji alikuwa anatazama mlangoni. Nilichukua karai la vikombe nikaenda kuviosha.

Filamu ilipata maneno mengi huko nje. Cheptoo alikuwa nyumbani kwa likizo ya chuo, na kila jioni alinisomea kwenye simu nikiwa nachambua maharagwe. Mwandishi mmoja wa gazeti alisema ni filamu ya huruma, inayowatazama watu bila kuwacheka, na kwamba moyo wake ni yule mzee wa chai. Alisema ile sentensi ya marehemu ndiyo bora kuliko zote, kwamba hakuna mtunzi ambaye angeweza kuibuni, kwa sababu maneno kama hayo hutoka tu kwa mtu anayekufa. Cheptoo aliisoma mara mbili. "Imagine, Mum. Maneno ya mtu wa huku." Nilitoa jiwe kwenye maharagwe.

Mwandishi mwingine hakuipenda. Alisema ni nyumba isiyo na ukuta wa nyuma: unawezaje kutengeneza filamu juu ya watu kujificha na kujionyesha, halafu yule aliyejificha kuliko wote usimpate? Alisema mtengenezaji alichoka mapema. Mwalimu wa chuo kikuu akasema redioni kwamba huyo mwanamke hana maana, kwamba sote kwenye simu ni mtu mwingine, na filamu ilifanya vizuri kumwacha gizani. Msikilizaji mmoja akapiga simu kumjibu: "Profesa, wewe hujui. Huyo ni shetani. Mtu anaingilia aje kifo cha mtu?" Mwingine alisema ni mwanaume, ameona kwa namna anavyoandika.

Cheptoo alikuwa na uchambuzi wake. "Huyo mtu ni mgonjwa, Mum. Kuchezea mzee wa watu akiwa na huzuni. Mimi hata kama ni cousin yangu, simjui tena."

"Pengine," nilisema.

"Pengine nini?"

"Pengine hukumjua tangu mwanzo."

Aliniangalia, akarudi kwenye simu. Mimi nilikuwa kama mdomo baada ya bakuli ya arobaini. Mwonjaji alinieleza hali hiyo zamani: bado unafyonza, unatema, lakini tamu na chungu zimekuwa kitu kimoja, na dawa yake ni kipande cha mkate mkavu na kungoja. Nilingoja. Haikupita. Katika wachambuzi wote hakuna hata mmoja aliyesema kwamba ile sentensi ni ya uongo. Nadhani hilo ndilo nililokuwa nasikilizia kila jioni.

Mwaka jana alistaafu. Walimpa saa mpya, akaitia mfukoni, akaendelea na ile iliyopasuka. Alihamia shambani Ndanai. Hatukuagana vizuri, alinipa mkono, akasema, "Vikombe zako zilikuwa safi," nami nikamwambia ahsante.

Mwezi uliopita nilisikia kwamba anajengea kaburi la mkewe saruji, na Jumamosi kasisi atakuja kuliombea na watu wataalikwa. Cheptoo ndiye aliyenipigia kuniambia: "Mum, wataandika yale maneno ya filamu kwa kaburi. Kila mtu anasema." Nilikaa kitandani. Filamu watu wataisahau, nilijua, na magazeti hufungiwa nyama. Lakini saruji hukaa. Mtoto wa mtoto wa mtu atasimama pale asome neno ambalo mama yule hakulisema, neno nililolitunga Kaplong nikiwa nimeegemea ukuta wa duka la simu. Yule mama alikataa kunidanganya mimi hata nilipomwomba. Sikuweza kumwekea uongo kifuani. Alhamisi nilichemsha chai, nikajaza chupa, nikachukua sukari na mkate, nikaenda kumwambia.

Nilimkuta amekaa kwenye kigoda upande wa kichwa cha kaburi. Fundi alikuwa amechuchumaa akisawazisha saruji mbichi kwa mwiko. Jina la mama lilikuwa limeshachongwa juu, herufi kubwa. Chini yake palikuwa patupu.

"Chamgei, Mama Cheptoo," alinisalimia Kikipsigis, kama alivyofanya kila asubuhi.

"Chamgei mising, Mzee. Nimekuja kukuambia kitu."

"Ngoja." Alivua saa. "Hii upande wa chini imemwagwa sasa hivi. Tuipe dakika sita."

Nikaketi kwenye tofali. Alishika saa mbele yetu wawili kama alivyowashikia wale wachumaji. Nilitazama mshale mwembamba ukizunguka nyuma ya ufa. Hakuna aliyecheka dakika ya nne. Zilipoisha nilifungua mdomo, lakini yeye ndiye aliyetangulia.

"Sista wa ukweli aliongea na mimi siku ile ile," alisema. "Mama alikuwa hajaamka tangu jana yake. Hakusema kitu. Alilala tu, akaenda."

Fundi aliendelea na mwiko wake. Nilisikia ukikwaruza.

"Sasa," nikasema, "huyo mwenye aliandika, ulimjibu ya nini?"

"Mtu amekaa chini akafikiria ni neno gani itafanya nilale. Wewe haungemjibu?"

"Ulijua ni nani?"

"Mwezi ya pili ya kuandikiana. Nilituma meseji nikiwa mezani, bakuli ya tisa. Aproni yako ikalia." Akavaa saa tena. "Kutoka hapo sikutuma tena saa ya kazi. Nilijua utashtuka, umwage maji."

Nikakumbuka. Ni kweli, tangu hapo meseji zake zilikuja baada ya saa kumi tu, miaka yote hiyo, nami nikafikiri ni utaratibu wa mtu mzee.

"Na filamu?"

"Niliwatafuta mimi. Nilidhani ukiona kamera utatoka useme. Mimi singeweza kukufunua. Hiyo mfuniko ni yako. Hata kwa hall nilikuwa naangalia mlango."

"Nilienda kuosha vikombe."

"Niliona."

Angekuwa amekasirika ningejua la kufanya. Nilimwambia kile nilichokuja kusema: asiandike maneno yale, mama hakuyasema, ni yangu, ni uongo.

"Wiki ile ulifiwa," akaniuliza, "ni nani alikaa na wewe?"

"Ni yeye."

"Ulikuwa peke yako?"

Niliiona sufuria, mikono ile myeusi, mkeka karibu na kitanda.

"Hapana," nikasema.

"Basi si uongo. Ni vile uliitia kwa mdomo ya mtu mwingine." Akatia mkono mfukoni, akatoa msumari mrefu, akanipa. "Toa hiyo 'mwambie'. Andika yako. Na jina lako chini."

"Jumamosi watu watasoma."

"Watasoma."

"Cheptoo atakuja."

"Eh."

Fundi aligusa saruji kwa kidole. "Mzee, inaanza kushika. Kama mnaandika, andikeni."

Nilipiga magoti. Nilifikiria wale waandishi wa magazeti, profesa, yule wa shetani, mama wa fimbo. Nilimfikiria binti yangu akisimama hapa na viatu vyake vya chuo. Kifua, kwa mara ya kwanza tangu siku niliyoitupa laini ile, kiliniuma kweli. Niliandika polepole, SIKUWA PEKE YANGU, herufi zikipinda kuelekea kulia kama zilivyokuwa zikipinda kwenye lebo za sampuli. Msumari ulisimama. Hakuna aliyenihimiza. Nikaandika chini yake MAMA CHEPTOO, na herufi ya mwisho nikaikaza mpaka fundi akasema inatosha.

Nilipoinuka, Mwonjaji alikuwa amefungua chupa yangu na kujimiminia kwenye kifuniko chake. Alinusa. Akafyonza kwa kelele ile ile, fyooop, ndege wakaruka kwenye ua. Nilitazama huku na huku kutafuta kitu cha kutemea, kwa mazoea ya miaka kumi na moja, nikasukuma ndoo ya fundi kwa mguu mpaka karibu naye.

Akameza.